Mama Yangu Hakuwa Mgonjwa

Kuna aina moja ya fasihi ambayo vijana wengi wa Kenya wameiandika hata kama hawajawahi kutunga shairi, na sijaona mhakiki akiigusa. Ni ile insha ya kuomba nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Haichapishwi popote. Inasomwa na watu wachache ndani ya chumba fulani, kisha inakufa.

Mimi nimezisoma nyingi. Tangu niache chuo mwaka wa pili (karo, na ni hadithi ndefu), hii ni mojawapo ya kazi zinazonilipia nyumba. Mtu ananitumia insha kwa WhatsApp, naipiga pasi, ananitumia pesa kwa simu. Kwa hivyo nichukulie kama fundi cherehani anayesema kuhusu nguo, si profesa.

Nguo zenyewe zina mshono mmoja. Aya ya kwanza ina jua, vumbi na mtoto anayetembea. Lazima atembee. Hata kama mwandishi amekulia Buruburu na shule iko upande wa pili wa barabara, kwenye insha atatembea kilomita nane. Aya ya pili, mzazi anaugua. Ya tatu anatokea mwalimu, au kitabu kilichookotwa. Mwisho: nitarudi kuiinua jamii yangu. Binyavanga Wainaina alituchekesha mwaka wa 2005 kwa ile makala yake ya kejeli kuhusu jinsi Afrika inavyoandikwa. Tulicheka, tukasambaziana, kisha tukaketi na kuandika yale yale kujihusu, maana safari hii mwishoni kuna tiketi ya ndege.

Sisemi hakuna anayetembea kilomita nane. Wapo, na hao ndio mtindo huu unawaumiza zaidi, kwa sababu ukweli wao sasa unasomeka kama nakala. Niliwahi kumrudishia kijana mmoja insha yake nikamwambia hiyo stori ya punda wa maji imezoeleka, aitoe. Akanijibu, "Kaka, huyo punda tunaye."

Yangu mwenyewe niliiandika nikiwa kidato cha tatu, nikiomba mwaka mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Fomu iliuliza changamoto niliyoishinda. Kwetu Kisauni mama alikuwa anauza mahamri na mbaazi asubuhi, mchana anashona. Mfereji ulikuwa uani. Changamoto yangu kubwa ilikuwa hesabu, na sikuwa nimeishinda. Basi nikampa mama figo mbovu. Nikaandika nilivyokuwa nikimwosha, nilivyosoma kwa koroboi kando ya kitanda chake. Ilitoka safi, bana. Mwalimu wangu wa Kiingereza alifuta machozi.

Rasimu niliisahau mezani. Mama aliishia darasa la saba, lakini jina lake analijua likiandikwa, na neno la figo kwa Kiingereza analijua pia, kwa sababu nyanya aliondoka na ugonjwa huo. Akaniuliza, "Huyu ni mimi?" Nikamwambia ni insha tu, mama. Akaikunja vizuri, akaniwekea juu ya vitabu vyangu. "Usiniombee mabaya, mwanangu." Hajaitaja tena hadi leo. Nami sikuitwa hata kwenye mahojiano.

Sina ugomvi na kamati. Kuuliza mtoto amepitia nini si swali baya, na nafasi zenyewe ni za kweli. Ule mpango wa YES wa serikali ya Marekani, kwa mfano, ulioanzishwa mwaka wa 2002, umewapeleka wanafunzi wa sekondari kutoka hapa Kenya kuishi na familia za huko mwaka mzima bila wazazi kulipa karo. Nani ataudharau? Ninachouliza ni kama maandishi haya yana nafasi ya mtu.

Halafu yana wasomaji wawili wasiopatana. Kamati inataka kuona hamu yako ya kwenda. Ukipita, kama ni Marekani, unakutana na afisa wa viza, na kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamtaka akuchukulie kuwa mhamiaji mpaka umridhishe kwamba sivyo. Yaani mwezi huu wewe ni mtoto asiye na kitu nyumbani. Mwezi ujao una kila sababu ya kurudi nyumbani. Ile sentensi ya "nitarudi" imechoka kwa kuwatumikia wote wawili.

Ukitaka kuona kurudi kukisimuliwa na mtu aliyekuishi, soma Unbowed, kumbukumbu za Wangari Maathai za mwaka wa 2006. Alikwenda Kansas mwaka wa 1960, enzi za zile safari za wanafunzi zilizopiganiwa na Tom Mboya. Akarudi 1966 akiwa ameahidiwa kazi chuoni jijini Nairobi, na alipofika akaambiwa kazi imepewa mwingine. Hakuna insha ya maombi inayoweza kubeba aya hiyo. Hata utoto wake, na kile kijito na mkuyu na mayai ya vyura, anausimulia bila kumwomba msomaji chochote. Alikuwa ameshakwenda na kurudi. Sisi tunaandika tukiwa bado mlangoni, kofia mkononi.

Sasa niko na insha ya msichana wa kidato cha pili. Ameandika kuhusu daftari la madeni katika duka la shangazi yake, Kongowea. Anajua nani hupita saa ngapi ili asionwe. Ameona kwamba mwenye deni huenda kununua chumvi kwingine, lakini salamu huitoa kwa sauti kubwa zaidi. Sijawahi kusoma kitu kama hicho kwenye hizi karatasi. Mwalimu wake amemwambia haina uchungu, aongeze. Kanilipa mia tano nimwongezee.

Jana usiku nilimwandikia aya moja, baba kaanguka jengoni. Ilinichukua dakika kumi. Nikaifuta. Kisha nikawaza: kama hatachaguliwa, mwaka utakaopotea ni wake, si wangu. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Asubuhi ameniandikia, "Kaka, imefika wapi?" na bado sijamjibu.