Jambo Geni na Mgeni

Yako mazungumzo ambayo siku hizi huanza jioni kwa mchezo na kwisha usiku kwa ugomvi, nayo ni haya: je, wako viumbe wenye akili katika nyota nyingine, nao hutujia? Tumeyasikia penye stendi ya mabasi ya Bunda, tumeyasikia mwaloni Musoma wakati wa kuanika dagaa, tumeyasikia hata barazani pa kanisa, watu wakingoja mvua ipungue. Nasi walimu twaulizwa kana kwamba jibu tumelifungia kabatini. Jibu hatuna. Lakini twapenda kuyapima maneno yenyewe ya mabishano hayo, kwa kuwa twaona waaminio na wachekao wote wawili wanakanyaga ubao mmoja, wala hakuna aliyeujaribu kwanza kama ni mzima.

Kisa kilichotusukuma kuandika ni hiki. Jioni moja, giza likianza kuingia, watu wa kijiji kimoja karibu na Bunda waliona nuru nyingi zikipita juu, moja nyuma ya nyingine, kama shanga katika uzi, pasipo sauti yo yote. Zilitokea upande wa ziwa, zikapanda, zikaelekea mashariki, na kabla hazijafika chini zilizimika moja moja, kana kwamba mtu alizipuliza. Asubuhi habari zilikuwa tatu. Wengine walisema ni wageni wa nyota nyingine. Wengine walisema ni dalili ya mwisho wa dunia. Na mzee mmoja, anayeheshimiwa kwa busara yake, alicheka akasema kwamba aliyelala na njaa huona mengi. Siku ile baadhi ya watoto hawakuja shuleni, maana mama zao waliwazuia ndani.

Yamkini sana nuru zile zilikuwa satelaiti. Tangu mwaka 2019 kampuni ya SpaceX ya Marekani imekuwa ikirusha vyombo viitwavyo Starlink, makumi kwa roketi moja, na siku za kwanza huenda kwa mstari kabla havijatawanyika kila kimoja kwenda mahali pake. Havina taa. Ni jua ambalo kwetu limekwisha kuchwa, lakini kule juu bado laviangaza; navyo vikiingia katika kivuli cha dunia huzimika ghafula. Basi, waliosema wageni walikosea. Lakini na mzee wetu alikosea, tena kosa lake ni baya kuliko lao, kwa kuwa aliwaambia watu kwamba hawakuona. Waliona! Na kuona kwao kulikuwa kwema na kwa uangalifu, hata waliweza kutueleza jinsi nuru zilivyozima, jambo ambalo lilitupa njia ya kuzijua.

Hebu sasa tutazame lugha yetu. Kitu tusichokizoea twakiita kitu kigeni, na jambo tusilolijua twaliita jambo geni. Hapo hatujasema uongo wala hatujaongeza neno. Tumekiri tu kwamba hatujui. Lakini likivikwa ile m- ya watu, likawa mgeni, papo hapo limeota miguu. Mgeni ana kwao alikotoka. Ana safari aliyoifunga, na haja iliyomleta. Hubisha hodi, au huingia kwa hila. Hupewa kiti, au hufukuzwa. Nani aliyeyaona hayo juu ya Bunda? Zilionekana nuru, basi. Herufi moja imetuletea ukoo mzima na mizigo yake, nasi hatukusikia mlango ukifunguliwa. Hatua hiyo, ya kutoka jambo geni hadi mgeni, ndiyo tunayoishitaki katika makala haya.

Wala si Waswahili peke yao waliojikwaa katika neno. Tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja wa Marekani, Kenneth Arnold, akiruka karibu na mlima Rainier, aliona vitu tisa ving'aavyo vikienda kwa mwendo mkali. Alipoulizwa jinsi vilivyokwenda, alifananisha mwendo wake na sahani irushwayo juu ya maji ikarukaruka, kama watoto wetu wa Musoma warushavyo vijiwe bapa ziwani. Yeye alisema habari ya mwendo. Magazeti yalishika sahani. Baada ya siku chache watu wengi wakawa wakiona sahani angani, na tangu hapo kila anayechora chombo cha wageni huchora sahani.

Mtu wa ziwani angepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na macho yake, maana amelelewa na mambo ya namna hiyo. Yeye asiyepata kufika Musoma, akisimama ufukoni usiku usio na mwezi, ataona mji mkubwa ukiwaka katikati ya maji, na majumba, na barabara zilizonyoka. Mji huo haupo. Ni wavuvi wa dagaa na taa zao, zamani karabai, siku hizi taa za betri, nao huchagua usiku wa giza kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa. Tena ziko siku ambapo nguzo ndefu nyeusi husimama juu ya ziwa, zikijipinda kwa upepo, hata mgeni akaapa kwamba meli inateketea. Ni wadudu wadogo wa ziwani, maelfu kwa maelfu, waliotoka majini pamoja. Sisi hatuogopi taa zile wala moshi ule. Je, ni kwa sababu tuna akili kuliko watu wengine? La. Ni kwa sababu tulipokuwa wadogo yuko aliyetupeleka karibu.

Wenzetu wa Kenya walipata bahati hiyo ya kufika karibu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa mita 2 na nusu hivi, na uzito wake kilo 500 hivi. Kwa mtu aliyekuwa shambani kwake, hicho ni kitu kigeni kweli kweli. Lakini kiligusika, kikapimwa, na Shirika la Anga la Kenya likatangaza kwamba ni pete ya roketi, ile itenganishayo sehemu zake baada ya kurushwa. Twafikiri, kama ingalianguka ziwani mbele ya macho ya mvuvi mmoja tu, leo ingalikuwa hadithi ya wageni, wala mvuvi yule asingekuwa mwongo.

Lakini tusijifanye kwamba kila jambo limekwisha kuelezwa. Mwezi wa Februari 1951, rubani na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa walitoa habari ya kitu king'aacho walichokiona juu ya Kilimanjaro, kimetulia kwa muda wa dakika kadhaa, kisha kikapanda na kutoweka. Walikuwa watu wazima, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kutazama anga. Tufanyeje na habari hiyo? Aaminiye asema, kwa kuwa hakuna aliyekieleza, walikuwa wageni. Achekaye asema, walilewa na jua. Sisi twasema lilikuwa jambo geni, nalo limebaki jambo geni. Mahali pake ni hapo mpaka atokee mwenye habari zaidi. Mwaka 2023 kamati ya watu 16 iliyowekwa na NASA ya Marekani ilitoa taarifa yake juu ya mambo ya namna hii. Haikuona sababu ya kusema kwamba yametoka nje ya dunia, lakini ililalamika kwamba habari zenyewe ni haba na zimekusanywa vibaya. Lalamiko hilo latupendeza kuliko hukumu yenyewe.

Wachekao nao wana ubao wao. Husema: nyota ziko mbali mno, sisi hatuwezi kufika, basi hakuna awezaye. Umbali ni kweli. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, nuru yake husafiri zaidi ya miaka 4 hata kutufikia. Chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kilometa 17 hivi kwa kila sekunde, walakini kingehitaji miaka zaidi ya 70,000 kuvuka umbali kama huo. Lakini kutoka hapo hadi kusema haiwezekani kuna pengo. Nani aliyetuambia kwamba kiumbe wa mbali lazima aishi miaka 70 kama sisi, au kwamba ni lazima aje yeye mwenyewe? Sisi wanadamu hatujakanyaga Mirihi, bali mashine zetu zimetambaa huko miaka mingi. Yamkini kitu cha kwanza kutoka mbali, kikija, kitakuwa kitu tu, chombo kisicho na mtu ndani, tena kilichokwisha kuharibika.

Wengine husema, wangalikuwako tungalikwisha kuwaona. Na mwanachuoni Enrico Fermi alipouliza mwaka 1950, wako wapi basi, swali lake lilikuwa zuri kwa sababu aliliacha kuwa swali. Tangu mwaka 1995 wataalamu wamegundua sayari zinazozunguka nyota zinazofanana na jua letu, na hesabu ya sayari za nje sasa imepita 5,000. Hakuna hata moja iliyoonyeshwa kuwa na uhai. Basi maswali ni mawili, nayo hayana budi kutenganishwa: wako? na, wamefika? Mtu aweza kuitikia la kwanza na kukataa la pili bila kujipinga. Hata hivyo, barazani ukisema huenda wako, huandikwa papo hapo miongoni mwa walioona sahani.

Liko wazo jingine ambalo hutuchoma zaidi, kwa sababu latuhusu. Mwaka 1968 Erich von Däniken alitoa kitabu kilichosomwa sana katika nchi nyingi, akidai kwamba majengo makuu ya kale yalipata msaada wa wageni kutoka angani. Hata maono ya nabii Ezekieli akayafanya kuwa habari ya chombo cha angani. Msingi wake ni nini? Ni kwamba watu wa kale wa nchi zile wasingeweza kazi ile. Wimbo huo Waafrika tumekwisha kuusikia. Wazungu wengi walipoziona kuta za Zimbabwe Kuu walisema ni kazi ya wageni waliotoka mbali, maana waliokuwa wakiishi pale hawakudhaniwa kuweza. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, na wote wawili wakaona kwamba wajenzi ni Waafrika wenyewe. Na karibu nasi, ng'ambo ya mpaka tu, katika Migori, ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila udongo wa kushikanisha, refu kuliko mtu. Asiyejua jinsi jiwe linavyoketi juu ya jiwe atatafuta mgeni wa kumpa sifa. Hapo jambo geni halikupewa miguu tu. Lilimnyang'anya mwenyeji kazi ya mikono yake.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ambako ndiko alikozikwa mwaka 1999, alifasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, nao ukapigwa chapa mwaka 1963. Katika mchezo huo, usiku kabla ya kuuawa kwa Caesar, mambo ya ajabu yaonekana mjini, na Casca aja akitetemeka kumwambia Cicero. Cicero hambishii kwamba ameona. Amwonya juu ya tafsiri tu. Kisha aaga na kwenda zake kwa kuwa hali ya hewa ni mbaya. Waalimu wengi husoma mahali hapo upesi ili wafike penye visu. Sisi twaona ndipo pa kukawia.

Wako watakaotuuliza, mna haja gani na mabishano ya nyota, na mihogo inaoza? Haja yetu ni hii. Katika nchi hizi za ziwa wamekatwa mapanga akina bibi wazee kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho mekundu ni jambo. Wala si geni sana, kwa yeye apikaye miaka 50 kwa kuni na mavi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Mtoto amekufa, nalo ni jambo, tena zito, na chanzo chake huenda hakijulikani pale kijijini. Kisha mtu asema, kuna aliyefanya. Amevika m- mahali palipokuwa na jambo. Hakuona mtu, aliona kifo na macho mekundu, na katikati akajaza. Aliyezoea kujaza juu ya anga kwa mchezo, jioni, akicheka na wenzake, hatajikuta ameusahau ujuzi huo siku ya msiba.

Kwa hiyo watoto wa kijiji kile waliporudi shuleni hatukuwahubiri. Tuliwapa karatasi, tukawaambia waandike walichokiona, si walichoambiwa: saa ngapi, upande gani, nuru ngapi, zilikwenda vipi, zilikwisha vipi. Wengi waliandika sahani. Wawili waliandika malaika, wala hatukuwagombeza. Msichana mmoja wa darasa la tano aliandika kwamba alihesabu nuru 22 akachoka, kwamba zilipita juu ya mwembe wa jirani zikielekea Serengeti, kwamba mbwa hakubweka, na kwamba yeye hajui ni nini. Baba yake alikuja kutuuliza ni shule ya namna gani impayo mtoto alama kwa kuandika hajui. Tulimwonyesha karatasi. Alama moja tulikuwa tumeiondoa, kwa sababu msichana hakutaja saa.