Mchumia Juani: Ujira, Muda na Thamani ya Kazi katika Utubora Mkulima, Kuli na Kilio cha Haki

Utangulizi

Methali ya Kiswahili yasema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Kwa miaka mingi imefunzwa darasani kama himizo la bidii: avumiliaye jua leo atakula kwa raha kesho. Ni nadra kwa mwalimu au mhakiki kuuliza swali ambalo methali yenyewe inalificha, yaani kama yule achumaye juani ndiye kweli alaye kivulini. Muundo wa sentensi unamfunga mtenda mmoja kwa vitendo viwili, lakini kitenzi cha pili hakibebi kiambishi chochote cha nafsi. Zaidi ya hayo, "hulia" ni neno lenye maana mbili. Laweza kutokana na "-la", likamaanisha kula mahali fulani. Laweza pia kutokana na "-lia", likamaanisha kutoa machozi. Hivyo basi mchumia juani aweza kuwa anakula kivulini au analia kivulini, na lugha haikatai lolote kati ya hayo mawili.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa utata huu ndio kiini cha kazi tatu za fasihi ya Kiswahili zinazoshughulikia ujira: Utubora Mkulima ya Shaaban Robert (1968), Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979) na Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981). Kazi hizi hujadiliwa kwa kawaida chini ya vichwa tofauti: ya kwanza chini ya maadili, ya pili chini ya matabaka, ya tatu chini ya ukombozi wa mwanamke na wa mfanyakazi. Hata hivyo zote zinauliza swali moja: je, kazi ya ujira inastahili muda wa maisha unaotolewa kwayo? Tofauti kubwa iko katika nani anaruhusiwa kulijibu swali hilo, na kwa njia gani.

Msamiati wa ujira

Kabla ya kuziangalia kazi zenyewe yafaa kutazama maneno ambayo waandishi hawa waliyarithi. Neno "kibarua" ni udogo wa "barua". Katika pwani ya karne ya 19 lilihusu kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe wakati wa kulipwa. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya malipo yao ilikwenda kwa bwana. Baadaye neno likahama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kazi, na kutoka kwenye kazi hadi kwa mtu. Mtu akawa anaitwa kwa jina la hati iliyothibitisha kuwa amelimaliza jua la siku moja. Hivyo, tangu mwanzo wa neno hili, mchumaji na mlaji walikuwa watu wawili.

"Mshahara" ni neno la Kiarabu lenye asili ya neno "mwezi". Linaficha siku ndani ya mwezi: anayelipwa mshahara hahesabiwi jua lake moja moja. Nalo neno "kipande" lina historia chungu zaidi. Nchini Kenya lilikuwa jina la hati ya usajili iliyotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ndani yake mliandikwa mwajiri wa awali na malipo yake, kiasi kwamba mwajiri mpya aliweza kuisoma bei ya mtu kabla ya mtu huyo kufungua kinywa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na malipo yalingoja hadi siku hizo zitimie. Siku ambayo kazi haikukamilika haikuhesabiwa, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuchwa.

Maneno haya matatu yanaonyesha kuwa suala la thamani ya muda halikuletwa katika fasihi ya Kiswahili na nadharia za miaka ya 1970. Lilikuwamo tayari ndani ya lugha. Kazi ya mwandishi ilikuwa kulifukua.

Kuondoka kwa Utubora

Katika Utubora Mkulima, iliyochapishwa miaka sita baada ya kifo cha mwandishi wake, shujaa anaacha kazi nzuri ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakimbii ujira mdogo. Anaondoka wakati ambapo wengi wangemwona mwenye bahati. Kwa kufanya hivyo Shaaban Robert analitenganisha swali la thamani na swali la kiasi. Kama Utubora angekuwa analipwa kidogo, msomaji angesema kuwa dawa ni nyongeza. Kwa kuwa analipwa vizuri, msomaji analazimika kukiri kuwa pana kitu ambacho nyongeza haiwezi kukilipia: uhuru wa mtu kuitawala siku yake mwenyewe.

Uamuzi huu unapingana na hekima iliyozoeleka. Methali zasema kuwa kazi mbi si mchezo mwema, na kuwa mchagua jembe si mkulima. Utubora anachagua, na jembe lenyewe ndilo chaguo lake. Kwa mkulima huyu methali ya jua na kivuli inatimia kikamilifu, kwani shamba ni lake na mavuno ni yake. Anayechuma ndiye anayekula.

Baadhi ya wasomaji wa mrengo wa uhalisia wa kijamaa wameliona jibu hili kuwa la ukwepaji. Shutuma hiyo ina ukweli, lakini haijalenga mahali panapostahili. Kosa si kwamba Utubora anauacha mji. Mtu ana haki ya kukataa biashara inayomla umri. Udhaifu uko katika sharti ambalo riwaya hailitaji kwa sauti. Ili Utubora aondoke, ni lazima pawe na mahali pa kwenda, pawe na ardhi, na pawe na uwezo wa kuishi hadi mavuno ya kwanza. Karani mwenye akiba anavyo vitu hivyo. Mpagazi wa bandarini hana. Riwaya inalipa swali letu jibu zuri, kisha inalikabidhi kwa mtu mmoja ambaye tayari ana nafasi ya kulijibu. Busutamu ni kivuli halisi, lakini si kivuli cha kuwatosha wote.

Kuzuia muda kwa pamoja katika Kuli

Kuli inaanza pale ambapo Utubora Mkulima inanyamaza. Rashidi, mtoto wa kuli, anaingia katika kazi ileile ya bandarini Unguja. Urithi wake si shamba; ni mgongo. Hapa swali la kama kazi inastahili muda haliwezi kujibiwa kwa kuondoka, kwa sababu anayeondoka leo nafasi yake inachukuliwa kesho na mwenye njaa mwingine. Mwajiri hapotezi kitu. Kwa hivyo njia pekee ya kuipa siku ya kuli bei ni kuwafanya makuli wote wazuie siku zao kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana riwaya inajengwa kuelekea mgomo wa mwaka 1948. Mgomo huo ni tukio la kihistoria: ulianza bandarini Unguja tarehe 20 Agosti mwaka huo, ukaenea kwa wafanyakazi wengine wa mjini, huku kupanda kwa gharama ya maisha kukiwa chanzo kikuu. Ulifuata ule wa Mombasa, ulioanza tarehe 13 Januari 1947 na kuwahusisha wafanyakazi wapatao 15,000, nao ukamtoa Chege Kibachia kama kiongozi wao. Mara nyingi mgomo wa Kuli husomwa kama kilele cha mwamko wa kisiasa, na usomaji huo ni sahihi. Lakini una kazi nyingine ya kifasihi ambayo haijatiliwa mkazo wa kutosha. Mgomo ndio wakati pekee ambapo muda wa kuli unaonekana. Siku za kawaida jasho lake linamezwa na shehena. Meli ikiisha kupakuliwa, hakuna alama ya aliyeipakua. Ni pale meli inapokaa bila kupakuliwa ndipo mji mzima unapojua siku ya kuli ina uzito gani.

Hata hivyo Kuli ina upungufu wake. Riwaya inauona ukibarua kama dhiki tupu, na haitoi nafasi kwa upande wake wa pili. Katika bandari za pwani, kazi ya kutwa ilimpa mtu uwezo mdogo lakini wa kweli: aliweza kufanya kazi siku kadhaa, akapata ya kumtosha, kisha akaenda kuvua au kulima. Wakuu wa kikoloni waliuita mtindo huo uvivu, na baada ya mgomo wa 1947 serikali ya Kenya ilifanya bidii kupunguza vibarua wa kutwa bandarini Mombasa na mahali pao kuweka nguvukazi ya kudumu. Kilichoitwa uvivu kilikuwa hesabu. Kibarua alikuwa ameshapima ujira na muda, akaamua siku ngapi zinastahili kuuzwa. Kama Shafi Adam Shafi angeiingiza hesabu hii katika fikra za Rashidi, mwamko wake usingehitaji kutegemea sana maneno ya wenzake waliotangulia kuzinduka. Ungetokana na ujuzi ambao kuli alikuwa nao tayari, bila ya kufunzwa.

Saa zisizohesabiwa katika Kilio cha Haki

Mazrui, katika tamthilia yake, anaihamisha hoja kutoka bandarini hadi shambani, na kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamke. Lanina anawaongoza wafanyakazi dhidi ya Delamon, mwenye shamba. Wahakiki wengi wamejadili upinzani anaokumbana nao kutoka kwa wanaume wenzake, wasiokubali kwa urahisi kuongozwa na mwanamke. Kwa kawaida upinzani huo huelezwa kuwa ni masalio ya ukale, jambo la pembeni linalochelewesha mapambano makuu.

Ukitazamwa kwa jicho la muda, upinzani huo si wa pembeni hata kidogo. Mwajiri anapokadiria ujira wa mfanyakazi, anachukulia kuwa kuna mtu nyumbani anayepika, anayeteka maji na kulea watoto bila malipo. Ujira mdogo unawezekana kwa sababu saa hizo hazihesabiwi. Mwanamke anayeutoa muda wake kwa mapambano anauondoa katika nyumba, na mwanamume anayelalamika kuwa mwanamke huyo ameacha nafasi yake anatetea, bila kujua, hesabu ya Delamon. Hivyo ndivyo tamthilia inavyogundua jambo ambalo Kuli haikulifikia: nyuma ya muda unaolipwa kidogo upo muda usiolipwa kabisa.

Kichwa cha tamthilia kinaturudisha kwenye methali yetu. Kilio kinatokana na "-lia". Mazrui ameichukua ile maana ya pili, ambayo darasa la maadili huiacha, na kuifanya jina la kazi nzima. Lakini kilio hiki si cha kivulini. Kinatolewa juani, mbele ya watu, na kina mdai na mdaiwa.

Hitimisho

Kazi hizi tatu zinatoa majibu matatu. Utubora anaamua peke yake kuwa kazi haistahili muda wake, na anaondoka. Makuli wanaamua kwa pamoja kuwa bei ya muda wao si hiyo, na wanauzuia. Lanina anaonyesha kuwa hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa nusu ya muda haikuandikwa popote. Majibu haya hayafutani. La kwanza linakumbusha kuwa hata ujira mzuri si kipimo cha mwisho. La pili linakumbusha kuwa uhuru wa kuondoka si wa kila mtu. La tatu linauliza ni nani amebeba gharama ya yote mawili. Mhakiki anayemsifu Rashidi na kumbeza Utubora, au kinyume chake, anazitenganisha pande za hoja moja.

Kwamba hoja hii haijafungwa kunathibitishwa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009), ambamo wafanyakazi wa baraza la mji wanagoma chini ya uongozi wa watu wa kwao wenyewe. Mkoloni hayupo tena, na hati ya shingoni haipo, lakini pengo kati ya mchumaji na mlaji lingali pale pale.

Jambo lililo hatarini hapa linahusu pia ufundishaji. Wanafunzi wengi wanaosoma kazi hizi ni watoto wa vibarua, na baadhi yao watakuwa vibarua wenyewe. Kuwafunza methali ya jua na kivuli kama ahadi isiyo na masharti ni kuwaambia kuwa asiyefika kivulini hakuchuma vya kutosha. Fasihi yao wenyewe haisemi hivyo. Inasema kuwa wamechuma sana, na inawapa haki ya kuuliza ni nani aliyekula.