Kipokezi kinasingiziwa makosa ya anga

Njia ya "mtawanyiko mdogo" inapendwa sana na wanaopima elektroni za ionosfea kwa GPS. Nina ugomvi nayo. Hesabu yake iko sawa. Tatizo ni mahali tunapoipeleka.

Setilaiti hutuma mawimbi kwa masafa mawili, 1575.42 MHz na 1227.60 MHz. Ionosfea hulichelewesha zaidi lile la chini, na kutokana na tofauti hiyo tunahesabu elektroni zilizo njiani. Sasa, antena, kebo na saketi za kipokezi nazo huyachelewesha mawimbi hayo kwa viwango visivyolingana. Za setilaiti utazipata zimeshakadiriwa, kwa mfano na kituo cha CODE kule Bern. Ya kipokezi chako utaitafuta mwenyewe, na ukikosea nanosekunde 1 tu, umeongeza au kupunguza takriban vizio 2.85, kila kizio kikiwa elektroni trilioni 10,000 kwa mita ya mraba. Kwenye wimbi la kwanza hiyo ni kama sentimita 46. Si mchezo.

Njia yenyewe hujaribu thamani nyingi, kisha huchagua ile inayofanya setilaiti zote, za utosini na za karibu na upeo wa macho, zikubaliane kuhusu elektroni za wima. Lakini nani kasema lazima zikubaliane? Katika latitudo za kati, usiku uliotulia, haya, tukubali.

Chukua Malindi. Ikweta ya sumaku inapita kaskazini, juu ya Ethiopia. Elektroni hupanda pale, kisha huteremka pande zote mbili na kurundikana takriban digrii 15 kutoka ikweta hiyo. Malindi iko jirani na rundo la kusini, kwa hiyo setilaiti ya kaskazini na ya kusini zinaona anga mbili tofauti kweli, na hali hiyo huendelea hata baada ya jua kuzama. Ukizilazimisha zikubaliane, tofauti ya anga inaandikwa kuwa ni ya kipokezi.

Halafu thamani inarukaruka siku hadi siku na mwandishi anasema "joto". Joto huathiri vipokezi, ndiyo, lakini basi tuonyeshe kipimajoto cha chumba! Walau tumia saa za kabla ya alfajiri, acha setilaiti zilizo chini ya digrii 30, na uchapishe mfululizo mzima wa thamani za kipokezi, si wastani wake peke yake.