Mamba na Jina la Kanga

Muuzaji kanga wa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, alinifundisha kusoma *Sauti ya Dhiki* bila yeye kujua. Mama mmoja alikuwa anageuza doti moja baada ya nyingine, anasoma majina, hata rangi haangalii. Ya nne akaikunja. "Hii anayehusika atajijua," alisema, na muuzaji akacheka. Jirani akija kulalamika ataambiwa nguo ni nguo tu, na kwa kulalamika atakuwa amejitaja mwenyewe.

Abdilatif Abdalla hakuanza kwa mafumbo. Mwaka 1968 aliandika waraka, *Kenya: Twendapi?*, ulioikosoa waziwazi serikali ya Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 22, alifungwa miaka mitatu kwa uchochezi. Mashairi aliyaandika humo gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni, yakachapwa Nairobi mwaka 1973.

Tumezoea kufundishwa kwamba mshairi hufumba kwa kuwaogopa watawala. Kwa kitabu hiki sikubali. Mtu aliyekwisha kusema wazi, na yuko ndani tayari, anajificha nini? Katika "Mamba", utungo kuhusu mamba mwenye kiburi anayedhani ataishi milele, mshairi anatangaza mwanzoni kabisa kwamba anafumba, wenye uwezo wafumbue. Anayejificha hatangazi maficho yake. Fumbo la pwani ni desturi ya watu wanaobanana, wanaochangia uwa na kisima, ambao kesho lazima wasalimiane. Kwa Kimvita chake na mizani alizorithi, mfungwa aliyetengwa peke yake anajirudisha katikati ya watu hao. Mtawala akikasirika, amekiri kuwa yeye ndiye mamba. Mwaka 1974 kitabu kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na mpaka leo siwezi kulisema jina la tuzo hiyo bila kucheka.

Fumbo la ukandamizaji si lazima liwe hivyo. Mehdi Akhavan-Sales wa Iran, baada ya Mossadegh kupinduliwa mwaka 1953, aliandika "Zemestan", yaani majira ya baridi, ambamo watu hata salamu hawaitikii. Baridi haina uso, na hakuna atakayesimama kuuliza, "Unanisema mimi?" Mamba wa Abdilatif ana mto wake, na wasomaji wanaujua.

Au sisi wa Dar tunadhani tunaujua. Abdilatif alipotoka gerezani mwaka 1972 alikuja hapa, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na habari hiyo tunapenda kuisimulia kama sifa yetu. Mwaka huohuo, Karume alipouawa, Abdulrahman Babu aliwekwa kizuizini huku bara, akakaa hadi 1978. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962 ilitungwa na Bunge letu.

Kwenye semina nilisoma "Mamba", nikaeleza yote kuhusu Kenyatta. Mwenzangu mmoja akauliza kwa nini nina hakika hivyo kwamba mto uko Kenya. Nikajibu kuwa mshairi ni wa Mombasa, nikageuza ukurasa.