Mita 15 za Kamina

Picha yenyewe ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na haina mambo mengi: ardhi yenye madoa meusi ya mimea, na juu yake mstari mnene uliojipinda. Ni nyoka, akionekana kutoka angani. Ilipigwa mwaka 1959 ndani ya helikopta ya jeshi la anga la Ubelgiji iliyokuwa ikirudi kwenye kambi ya Kamina, wakati Katanga ingali jimbo la Kongo ya Wabelgiji na Lubumbashi ikiitwa Elisabethville. Rubani alikuwa Kanali Remy Van Lierde. Alisema nyoka yule alikaribia mita 15, mgongo wake wa kahawia na kijani, tumbo jeupe, kichwa cha sentimita 90 kwa 60. Tena helikopta iliposhuka, alijiinua kiasi cha mita 3 kana kwamba anataka kuishambulia. Mwaka 1980 kisa hicho kilirushwa na televisheni ya Uingereza katika mfululizo wa Arthur C. Clarke kuhusu mambo ya ajabu ya dunia, na tangu hapo picha haijapumzika.

Sibishi kwamba nyoka alikuwepo. Anaonekana. Ninachouliza ni namba 15 ilitoka wapi, maana kwenye picha haimo. Ilitoka mdomoni mwa rubani, ikabandikwa kwenye picha, kisha watu wakaanza kuigeuza picha kuwa ushahidi wa namba.

Wanaomtetea kanali husema hakuwa mtu wa kubabaika. Ni kweli. Katika Vita vya Pili vya Dunia alirusha ndege za kivita kutoka Uingereza, na aliangusha zaidi ya mabomu 40 ya kuruka ya Wajerumani, yale ya V-1. Mtu wa namna hiyo, wanasema, ana jicho la kupimia. Hoja hiyo inavutia mpaka ukumbuke jicho lile lilipimaje. Kioo cha kulengea cha ndege za kivita za Uingereza kilimtaka rubani aweke kwanza upana wa mabawa ya ndege anayoifukuza. Mabawa yakijaa kati ya mistari miwili ya kioo, alijua amefikia umbali wa kufyatua. Yaani umbali ulipatikana kwa sababu ukubwa ulijulikana tayari. Mabawa ya V-1 yalikuwa na upana wa mita 5 na kidogo, na kila rubani aliyeifukuza aliujua. Nyoka wa Kamina hakuwa na upana unaojulikana. Ustadi wote wa kanali ulisimama juu ya kipimo kimoja ambacho siku ile hakikuwepo.

Kamera nayo ina shida hiyohiyo. Ukubwa wa kitu kwenye filamu ukiugawanya kwa umbali wa fokasi wa lenzi, unapata jibu lilelile la ukubwa wake halisi ukigawanywa kwa umbali wake kutoka kwenye kamera. Tuseme lenzi ilikuwa ya milimita 50, ya kawaida kabisa wakati huo, na helikopta ilikuwa mita 150 juu ya ardhi, karibu kimo cha bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines hapa Lubumbashi. Nyoka wa mita 15 angechukua milimita 5 za filamu. Sasa shusha helikopta hadi mita 75, uache filamu ilivyo: milimita zilezile 5 ni nyoka wa mita 7.5. Ukiishusha hadi mita 50, ni mita 5. Huyo wa mwisho ni chatu mkubwa ambaye mwindaji yeyote wa Katanga angemtambua bila kushangaa sana. Picha haijabadilika hata chembe.

Kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kwenye kimo cha helikopta juu ya ardhi. Altimeta ya kawaida hupima msukumo wa hewa, na namba inayosomeka inategemea usawa uliowekwa kabla ya kuruka. Haijui kama chini yako kuna bonde au mwinuko, na nyanda za Kamina ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, tena hazikulala kama meza. Ongeza kwamba rubani alikuwa akizunguka na kushuka, mwenzake akipiga picha. Kimo cha dakika moja si cha dakika iliyofuata.

Kinachoweza kuokoa picha ya namna hii ni kitu chenye ukubwa unaojulikana kilichosimama karibu na nyoka: mtu, gari, hata baiskeli ya mbeba makaa. Hapa hakuna. Kuna madoa tu, na Katanga ni mahali pabaya pa kutegemea madoa. Chukua vichuguu. Vile vikubwa vya misitu ya miombo kuzunguka Lubumbashi, ambavyo watu huchimba udongo wake kufyatulia matofali, hufika kimo cha mita 8 na upana wa mita 15 chini. Lakini kwenye mbuga za nyasi kuna vichuguu vya mchwa wa aina nyingine visivyofika hata goti. Ukivitazama kutoka juu, vyote ni mviringo wenye kivuli. Mimea nayo ni hivyo: kichaka cha nyasi na mti mchanga, vikitazamwa utosini, hutofautiana kidogo sana. Anayeamini kwamba doa ni mti atapata nyoka wa kutisha. Anayeamini ni kichaka cha nyasi atapata wa kawaida. Ndiyo maana mabishano hayaishi, kila upande ukiona picha inauunga mkono.

Yale mengine aliyoyasimulia kanali tunaweza kuyapima yenyewe kwa yenyewe. Kichwa cha chatu mkubwa hakifiki hata sehemu moja ya 20 ya urefu wa mwili. Kwa mita 15, basi, kichwa kisingezidi sentimita 75, na kwa hakika kingekuwa kifupi kuliko hapo. Sentimita 90 haziafikiani na mita 15. Makadirio yake mawili yanapingana, dalili kwamba yote mawili yalitoka kwenye mshangao. Na zile mita 3 za kujiinua? Mtu anayetazama kutoka juu hana njia ya kusoma kimo cha kitu kilichosimama isipokuwa kwa kivuli chake, tena ajue jua liko wapi.

Kisha kuna uzito, ambao wasimuliaji huusahau. Urefu ukizidishwa mara 3, na umbo likabaki lilelile, uzito huzidi mara 27. Chatu wa mita 5 ana kilo 50 hivi. Wa mita 15 angekaribia kilo 1,350. Mnyama wa aina hiyo amewahi kuishi. Ni Titanoboa, ambaye mifupa yake ilichimbwa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón, Kolombia. Mwaka 2009 wataalamu walikadiria urefu wake kuwa mita 13 na uzito wake zaidi ya tani moja. Waliona pia kwamba nyoka mkubwa hivyo alihitaji nchi yenye joto la wastani la nyuzi 30 au zaidi, kwa kuwa nyoka hajitengenezei joto. Nyanda za Katanga si nchi hiyo. Anayelala Lubumbashi mwezi wa Julai na blanketi mbili anajua.

Wamarekani wana toleo lao la mkasa huu, la nyoka wa njuga, yule anayetikisa mkia. Mkubwa kuliko wote kati yao hufika mita 2.4 kwa shida, lakini picha zao husambaa zikiwa na maelezo ya mita 4 au 5. Hila yao ni rahisi kuliko ya Kamina: nyoka ananing'inizwa kwenye fimbo ndefu kuelekea kamera. Nyoka akiwa mita 2 kutoka kwenye lenzi na mshikaji mita 3.5, nyoka anakuzwa mara 1.75 akilinganishwa na mtu, na wa mita 1.8 anaonekana kupita mita 3. Huko mtu wa kulinganisha yumo pichani, naye ndiye anayedanganya. Picha ya Kamina haikuhitaji hila. Nadhani kanali alisema alichoamini.

Nikilazimishwa kutaja namba, nitasema mita 5 au 6. Chatu wa Afrika anayezidi 6 ni nadra. Nyoka mrefu kuliko wote aliyewahi kupimwa akiwa hai katika kifungo ni Medusa, chatu wa jamii ya Asia aliyefugwa Kansas City: mita 7.67, mwaka 2011. Ngozi za ukutani nazo zisihesabiwe, maana ngozi ikichunwa na kuvutwa huongezeka hata robo ya urefu.

Hata hivyo, mlango wa kupima haujafungwa kabisa. Kwa maelezo yake, kanali alipita juu ya nyoka zaidi ya mara moja. Kama zilipigwa picha mbili za ardhi ileile kutoka pembe tofauti, na ikajulikana lenzi ilikuwa ipi na helikopta ilisogea mita ngapi kati ya picha na picha, kimo kingepatikana kwa hesabu, na urefu wa nyoka baada yake. Wachora ramani hufanya hivyo. Picha inayozunguka ni moja tu.