Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wasomaji wenzangu, methali mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo nataka kuifanya mizani ya kupimia vitabu. Mwandishi akituletea mtu aliyerudi kwao Unguja baada ya miaka mingi, je, anamfikisha siku ya tatu? Au anamwacha palepale siku ya kwanza, dafu mkononi, anatembea akipiga picha milango?

Swali hili si la mzaha. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba nyingi walizokuwa wakikaa watu sasa ni hoteli. Boti za kutoka Dar zina nauli mbili, ya mkaazi na ya mgeni. Sheria yetu nayo haimpi mtu mzima uraia wa nchi mbili. Sasa niambie, mzaliwa wa Malindi mwenye pasi ya Uingereza asimame foleni ipi? Tulibishana khasa juu ya jambo hili Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel. Mmoja anasema wetu, mwingine anasema si wetu, aliondoka. Na wengi wa waliokuwa wakibishana, tuseme kweli, walikuwa hawajasoma hata kitabu chake kimoja.

Mie nashika kimoja tu, Admiring Silence, kilichotoka 1996. Gurnah mwenyewe aliondoka Unguja mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka 18, na hakuweza kurudi hadi 1984. Msimulizi wa kitabu hiki hana jina. Anaishi Uingereza na mwanamke wa huko, Emma, wamezaa binti. Kwao hawajui lolote. Baada ya miaka ishirini mlango wa kurudi unafunguka, naye anarudi.

Kabla hajarudi, lakini, kuna jambo ambalo kwangu ndilo ufundi mkubwa wa kitabu. Baba yake Emma, Bwana Willoughby, ni mzee anayependa sana kusikia habari za himaya ya Kiingereza. Basi kijana wetu anampikia. Anamtungia visa vya wakoloni wema na wenyeji wenye shukrani, mzee anafurahi, chakula kinaliwa. Mnaona? Yule bwana ameuza kwao kwa mgeni zamani, kabla hoteli hazijajaa Shangani. Kadi ya posta ameichora mwenyewe mwenyeji, kwa Kiingereza, mezani pa mkwe. Emma naye anapewa hadithi zake za nyumbani zilizopambwa. Akipanda ndege kurudi, anaifuata picha aliyoitunga yeye.

Na anachokikuta ni vyoo vilivyoziba. Naam, vyoo. Maji hayatoki, umeme unakatika, mji unanuka. Hapa Gurnah amenifurahisha, maana kitabu cha utalii hakina choo. Wako waliochukia, wakasema anatuaibisha mbele ya Wazungu. Mie siwaungi mkono. Mtu aliyepakwa asali kwa miaka ishirini na ulimi wake mwenyewe alihitaji kuanzia hapo chooni. Tena ndugu zake wanampa jembe upesi kuliko alivyotegemea: wamemtafutia mchumba. Inabidi aseme kweli yote, ya Emma na ya binti, na nyumba nzima inaingia aibu.

Ugomvi wangu na kitabu unaanzia hapo. Jembe amepewa, lakini halimi. Anatoka, anarudi London, na huko nako Emma anamwacha. Choo kinabaki kuwa alama ya nchi iliyooza, hakigeuki kuwa kazi ya mtu. Nani anateka maji yale? Nani anapandisha ndoo ghorofani? Msimulizi anasikia harufu, sisi tunasikia naye, kisha tunaondoka naye. Hiyo ni siku ya pili. Ni siku ya pili iliyoandikwa kwa ukweli mkali, na ni nzuri kuliko siku nyingi za kwanza nilizosoma, lakini ya tatu haijafika.

Linganisha na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Watu huikumbuka kwa siasa, kwa Denge na wenzake waliopambana na Mwingereza. Mie naikumbuka kama hadithi ya kurudi. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anamkimbia mumewe Mombasa na kurudi Unguja. Anakwenda kwa mjomba wake, Gulam. Anafukuzwa. Mlango ule ule ambao leo mtalii angeupiga picha umefungwa usoni pake. Basi anavuka kwenda Ng'ambo, kwa Mwajuma, kwenye chumba cha mtu asiye na kitu, na huko anaanza kuishi upya. Anakula wanachokula, anajua nani anadai na nani anadaiwa. Siku ya tatu imefika, na jembe lipo mkononi. Adam Shafi hakuhitaji kutueleza kwamba mji ni mzuri wala kwamba unanuka. Tunaujua mji kwa sababu kuna mtu anautumia.

Nilipokwenda mwaka jana kwa wiki moja, nikitokea Dar ninakofanya kazi, nilipita Hurumzi nikakutana na papasi mmoja, kijana. "Jambo! Karibu Zanzibar!" Nikamuuliza, "Kwani weye watu wa kwenu huwaamkia hivyo?" Akacheka. "Aa, samahani dada, nilidhani mgeni." Nikamwambia mie mzaliwa wa Mwembetanga, umenionaje mgeni? Akanijibu bila kufikiri: "Unaangalia juu. Mwenyeji haangalii juu, anaangalia vespa isimkanyage."

Sijasoma mhakiki aliyesema vizuri kuliko yule kijana. Kuangalia juu ndio maradhi ya uandishi wetu, vijana. Chukua mashairi kumi tunayoandikiana kuhusu Unguja: mlango wenye misumari ya shaba, harufu ya karafuu, jahazi na jua linazama Forodhani. Waandishi wake wamezaliwa huko huko! Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, lilibomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Kwenye mashairi yetu bado limesimama zima, linang'aa. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamelea vizazi vya watu, lakini hayana shairi, eti kwa sababu ni zege tupu. Kina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wameinama majini maji yakitoka, wanaingia kwenye ubeti kama rangi za kanga zao tu. Bei ya kilo ya mwani haimo.

Na Gurnah, tumtendee haki, hakukaa palepale. Katika Theft, ya 2025, yumo kijana Badar, mtumishi wa nyumbani aliyesingiziwa wizi, anayekuja kufanya kazi katika hoteli ya Mji Mkongwe. Safari hii mgeni ndiye anayetazamwa, na anayemtazama ni yule anayemfungulia mlango. Mzee aliyekuwa na miaka 76 kitabu kilipotoka, aliyeondoka kijana, ameshika jembe. Sisi tuliopo tunashika nini?

Tena anaandika kwa Kiingereza. Paradise ya 1994 tumeipata kwa lugha yetu 2022, kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis na wachapaji Mkuki na Nyota. Miaka 28 kitabu kilikuwa mgeni kwao. Sisi tunaoandika Kiswahili hatuna udhuru huo. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa baraza ni nini. Amekaa juu yake. Ukimweleza, umeshamgeuza mtalii nyumbani kwake.

Basi wenzangu, toleo lijalo tuleteeni hadithi za siku ya tatu. Nani anafua mashuka ya hoteli ile iliyokuwa nyumba ya bibi yako, anaamka saa ngapi, anakaa wapi sasa, na gari gani humrudisha Fuoni usiku? Mlango tutaujua wenyewe atakapoufungua.