Tundu Lililozibwa Juu ya Dirisha

Ukipita mitaa ya ndani ya Levolosi, Arusha, jirani na soko la Kilombero, inua macho utazame juu ya fremu za madirisha ya nyumba za kupanga za siku nyingi. Hutakosa kuona ukuta wenye alama ya mstatili, plasta yake mpya kuliko ya pembeni, rangi haijashika sawasawa. Hapo palikuwa na matofali ya matundu. Fundi wa kwanza aliyaweka makusudi. Aliyekuja baadaye akayaziba kwa ajili ya baridi, vumbi au mbu, au kwa sababu tu mwenye nyumba alitaka ukuta uliosawazika. Kwa afya ya wanaolala humo, kazi hiyo ya ndoo moja ya zege ina uzito kuliko rangi, mapazia na makochi yote yatakayoingia baadaye.

Aliyeziba hakufanya upuuzi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai, upepo wa Meru ukishuka, mama mwenye mtoto mchanga hatakuelewa ukimwambia afungue dirisha. Tatizo ni kwamba tumefunga hewa tukidhani tunafunga baridi.

Tupige hesabu ya chumba kimoja. Mita 3 kwa 3, dari mita 2.7: mita za ujazo 24 na kidogo. Wanalala watu wanne, wazazi na watoto wawili. Mtu aliyelala hutoa wastani wa lita 12 za kaboni dioksaidi kwa saa, kwa hiyo wanne ni lita 48. Dirisha likifungwa, mlango ukifungwa na matundu yakiwa yamezibwa, hewa inayopenya kwenye nyufa huenda ikafikia nusu tu ya ujazo wa chumba kwa saa, yaani mita za ujazo 12. Nje, kaboni dioksaidi ni kama sehemu 420 kwa milioni. Ndani, kabla ya alfajiri, itakuwa imepanda hadi karibu 4,400.

Kiwango hicho hakiui, ila kinatueleza jambo. Hewa itokayo mapafuni ina takriban sehemu 40,000 za gesi hiyo kwa milioni. Ziada ya 4,000 maana yake ni kwamba sehemu moja ya kumi ya kila pumzi unayovuta imeshapita kwenye mapafu ya mtu mwingine chumbani, au yako mwenyewe. Kama mmoja wenu ana mafua, mnagawana. Kama ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, mnagawana pia, usiku kucha, kila usiku.

Hapa kaskazini hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi kwamba hewa ilihesabiwa kuwa tiba. Hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Siha, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyokiweza kijidudu cha ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka 1943. Kwa miaka yote ya kati, matabibu wa kifua kikuu duniani walitegemea mapumziko, chakula na hewa safi. Dawa zilipokuja, tukaacha kuiheshimu hewa.

Kipimo kizuri kuliko vyote nivijuavyo kilifanyika Lima, Peru, kikachapishwa mwaka 2007. Rod Escombe na wenzake waliingia kwenye vyumba 70 vya hospitali nane, wakaachia kaboni dioksaidi, kisha wakapima inavyopungua. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa wastani wa kati. Vyumba vyenye mashine za kuvuta hewa vilikadiriwa kufanya hivyo mara 12, kile kiwango kinachopendekezwa. Lakini kilichonishika zaidi ni tofauti ya umri wa majengo. Wodi zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilifikia mara 40. Za 1970 hadi 1990 ziliishia 17. Walipokadiria hatari ya kuambukizwa kifua kikuu kwa mtu atakayekaa humo saa 24, wodi za zamani zilipata asilimia 11, za kisasa 33, na vyumba vya mashine 39.

Chumba cha Levolosi hakiwezi kuwa wodi yenye madirisha wazi usiku wa Julai, na wala hakihitaji. Hewa yenye joto hupanda. Watu wanne waliolala wanakipasha chumba joto, na hewa waliyoitumia inakusanyika chini ya dari. Ikipata tundu juu, inatoka. Inayoingia badala yake hupita chini. Chukua tundu la sentimita 20 kwa 20 karibu na dari na lingine la ukubwa huo chini ya mlango au ukuta wa korido, kimo cha mita 2 kati yake, joto la ndani likizidi la nje kwa nyuzi 5. Bila upepo wowote, zitapita karibu mita za ujazo 50 kwa saa. Chumba kinabadilisha hewa mara mbili, na ile sehemu ya pumzi iliyokwisha kutumika inashuka kutoka moja ya kumi hadi moja ya arobaini. Hewa inayoingia upande wa korido si ya baridi kali kama ya uwani. Wavu wa mbu unaweza kuwekwa juu ya tundu, ingawa unapunguza mkondo, kwa hiyo tundu liongezwe ukubwa kidogo.

Ndiyo maana ukarabati wa siku hizi unanitia wasiwasi. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni ni zuri kwa macho, lakini hata ukilifungua lote, nusu tu ya nafasi yake ndiyo inayopitisha hewa. Lile la mbao la zamani, la bawaba, lilifunguka lote. Kisha inakuja dari ya jipsamu, inashusha kimo cha chumba na kufunga njia ya hewa chini ya bati. Mteja analipia vyote viwili akiamini anaboresha.

Jiko la mkaa nalitenga na hesabu zote hizi. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, na hapo ndipo unapodanganya: unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hakuna tundu la sentimita 20 litakalotosha kulilaza jiko chumbani ili watoto wapate joto. Litolewe nje, hata kama limebaki majivu yenye cheche. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mkakati huo unazungumzia kupika. Baridi ya usiku inabaki kwa mpangaji, na jibu lake ni blanketi zito, pazia nene na zulia chini ya kitanda.

Mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta wa mtu. Anachoweza leo ni kuacha nafasi ya vidole viwili juu ya dirisha lenye kioo cha juu kinachofunguka, na kukisogeza kitanda kisikae chini yake. Mwenye nyumba ndiye mwenye patasi. Akija fundi kupaka rangi, amwonyeshe ile alama ya mstatili na amwambie apafungue kwanza.